Jumanne Kumi na Mbili za Maabara

Janelle Hoekstra alikwenda ofisi ya msajili kuchukua joho la mahafali, akaambiwa kwamba hahitimu.

Hakuambiwa kwa ukali. Mama Dvorsky, msajili wa chuo, alikuwa mwanamke wa miwani yenye mnyororo, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewapa wanafunzi habari njema na habari mbaya kwa sauti ile ile moja. Aligeuza karatasi juu ya kaunta ili Janelle aisome mwenyewe, akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari usiokuwa na alama.

"Hapa, binti. Sharti la sayansi. Pana pengo."

"Pengo gani tena, Mama? Baiolojia nilisoma mwaka wa pili. Nikapata B!"

"Mihadhara ulisoma. Maabara je?"

"Si vinakwenda pamoja?"

"Haviendi pamoja, na havijawahi kwenda pamoja tangu nije hapa. Mihadhara ina namba yake, maabara ina namba yake. Mwenzangu, ulijiandikisha moja."

Ilikuwa Jumanne. Mahafali yalikuwa Jumapili.

Janelle alishika ukingo wa kaunta. Kila mwanafunzi wa chuo kile, awe anasoma falsafa, muziki au Kifaransa, alipaswa kumaliza kozi moja ya sayansi pamoja na maabara yake. Lilikuwa jambo la kawaida kama theluji ya Januari, na yeye aliyesoma historia alikuwa amelilalamikia kama walivyolilalamikia wenzake wote, kisha akalitimiza na kulisahau. Sasa anaambiwa hakulitimiza! Na shule ya sekondari ya Dubuque, iliyokwisha kumwajiri kufundisha historia, ilikuwa imeandika wazi katika barua yake: uthibitisho wa shahada uwafikie kabla ya tarehe kumi na tano Juni, la sivyo nafasi ingepewa mtu mwingine. Alikuwa ameomba shule kumi na nne. Iliyomkubali ni hiyo moja.

"Lakini Mama, nilikuwa naenda! Kila Jumanne alasiri, muhula mzima. Muulize Profesa Ostrander."

Mama Dvorsky alivua miwani. "Profesa Ostrander tumemzika Februari."

Janelle alikuwa amehudhuria mazishi hayo. Alijifunika uso kwa viganja, kwa aibu.

"Sikiliza," alisema Mama Dvorsky. "Kamati ya maombi ya wanafunzi inakaa Alhamisi saa nne asubuhi. Mwenyekiti ni Profesa Lund, wa baiolojia. Ukiwaletea daftari la maabara lenye sahihi za marehemu, wanaweza kukuandikisha leo kwa kazi uliyoifanya juzi. Imewahi kutokea. Bila daftari, hata usijisumbue kupanda ngazi."

*

Daftari lilikuwa kwa Orrin Slabaugh. Wanafunzi wa Profesa Ostrander walifanya kazi wawili wawili, kila jozi na daftari moja, na mwenzake Janelle alikuwa Orrin: mtoto wa wafugaji wa nguruwe kutoka Kalona, mpole, mwenye mikono mikubwa, aliyekuwa njiani kwenda kusomea udaktari wa mifugo. Alimkuta katika bwalo la chakula akimalizia kipande cha pili cha pai ya tufaha.

"We Orrin! Daftari letu la baiolojia bado unalo?"

"Letu?" Orrin alicheka huku mdomo umejaa. "Haya, letu. Lipo, chini ya viatu."

"Mungu akubariki. Mtu gani anaweka daftari miaka miwili?"

"Mtu aliyelitolea jasho. Kwani kuna nini? Umeanza kupenda sayansi uzeeni?"

Alimweleza yote kwa pumzi moja. Orrin aliacha kutafuna. Alisukuma sahani kando, akamtazama kama mtu anayetaka kusema neno na hajui aanzie wapi. Kisha akainuka, akaenda bwenini, akarudi na daftari lenye jalada jeusi. Juu yake palikuwa na majina mawili: SLABAUGH na HOEKSTRA.

Janelle alilifungua ukurasa wa mwisho, akaiona sahihi ya marehemu kwa wino wa kijani, akalifunga na kulikumbatia kifuani.

"Lisome kwanza," alisema Orrin.

"Nisome nini? Mimi shida yangu sahihi."

"Janelle, nakwambia lisome. Usiingie mle ndani hujalisoma."

"Wewe na madaftari yako! Ukioa, mkeo utamwandikia ripoti kila Jumanne." Alimpiga kofi dogo begani, akaondoka mbio, kwa kuwa alikuwa na hotuba ya kuandaa. Alikuwa nahodha wa timu ya mdahalo kwa miaka mitatu. Vikombe alivyoshinda vilikuwa ndani ya kabati la kioo kwenye mlango wa maktaba, na hakuwa mtu wa kwenda mbele ya kamati bila hotuba.

*

Alhamisi, baba yake alikuwa wa kwanza kufika. Gerrit Hoekstra alikuwa ameacha ng'ombe wake wa maziwa mikononi mwa jirani kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe, akaendesha gari tangu alfajiri kutoka magharibi ya jimbo. Aliketi kwenye benchi la ukumbini na tai yake nyembamba, kofia magotini.

"Wakikuuliza, jibu wanachokuuliza," alimwambia binti yake. "Usiwazungushe."

"Baba, kuzungusha watu ndiyo nimesomea."

"Ndiyo maana nakwambia."

Ndani walikaa walimu watatu nyuma ya meza ndefu: Profesa Lund katikati, mwanamke mrefu mwenye mvi zilizokatwa fupi, kushoto kwake mwalimu wa lugha ya Kigiriki, mzee mchangamfu aliyekuwa akipenda kila mtu afaulu, kulia kwake mwalimu wa uchumi, aliyekuwa akitazama saa. Janelle aliliweka daftari mbele yao, akasimama wima.

Alizungumza vizuri. Hata yeye alisikia kwamba anazungumza vizuri. Alisema kwamba sharti la sayansi liliwekwa ili mtu wa historia naye asimame japo mara moja mbele ya kitu chenye uhai, akitazame kwa macho yake, aandike alichokiona badala ya alichoambiwa. Alisema kosa lake lilikuwa kwenye fomu, na kwamba fomu ni kivuli cha kazi. Na kazi yenyewe ilifanyika.

"Nawaombeni niwape mfano mmoja," alisema. "Chura. Profesa Ostrander alituamuru tuutoe moyo, tuuweke katika kisahani cha maji ya chumvi. Moyo ulikuwa mdogo kama punje ya harage. Nikainama. Ulikuwa bado unadunda! Hauna mwili, hauna mwenyewe, na unadunda. Orrin alikuwa akihesabu kwa sauti, na mimi sikuweza kupumua. Tangu siku hiyo sijapata kusema kwamba sayansi haimhusu mtu wa historia."

Mwalimu wa Kigiriki alipiga meza kwa kiganja. "Ndiyo hasa! Hayo ndiyo tunayowatafutia hawa watoto. Lund, sahihi zipo?"

"Zipo," alisema Profesa Lund, aliyekuwa akifunua kurasa polepole. "Zote kumi na mbili."

"Basi tumalize," alisema wa uchumi.

Profesa Lund alikuwa amefika ukurasa mmoja akasita. Akarudi nyuma kurasa mbili, akaenda mbele tatu, akarudi pale pale. Uso wake ulibadilika rangi. Kisha, pasipo kuwaonyesha wenzake, aligeuza daftari kuelekea kwa Janelle na kulisukuma juu ya meza mpaka likamfikia.

"Bi Hoekstra, chura ni wiki ya sita," alisema kwa sauti ya chini. "Hebu jikumbushe."

Janelle aliinama.

Mwandiko ulikuwa wa Orrin, wa herufi kubwa zilizosimama kama nguzo za ua. *Wiki ya 6. Chura. Janelle hayupo, amekwenda Des Moines na timu ya mdahalo. Nimefanya peke yangu. Moyo umedunda dakika kumi na moja baada ya kutolewa. Nimehesabu kwa sauti ili nisipoteze hesabu.* Na chini, kwa wino wa kijani, sahihi ya marehemu.

Aliusoma mstari ule, akausoma tena. Hakuelewa. Alimwona chura! Aliuona moyo! Aliufunua ukurasa wa nyuma: *Wiki ya 5. Janelle hayupo, mazoezi.* Wa nyuma yake: *Wiki ya 4. Janelle hayupo, mazoezi.* Alifunua mbele. Hayupo. Wiki ya nane yupo, ameosha vyombo. Wiki ya tisa hayupo. Ya kumi, hayupo.

Hapo ndipo jambo lilipomshukia. Hakuwa ameuona moyo wa chura. Alikuwa ameusikia. Alikuwa ameusikia bwaloni, Jumanne ile jioni, Orrin akisimulia mbele ya sahani ya viazi, akionyesha kwa kidole gumba ukubwa wa moyo wenyewe. Na yeye, ambaye neno likimwingia sikioni halitoki, alikuwa amelichukua simulizi lile na kulisimulia kwa wengine, mara tano, mara kumi, mpaka akajikuta yumo ndani yake, ameinama juu ya kisahani. Mwaka ule hakuna aliyemtafuta. Nani angemtafuta? Jina lake halikuwa katika orodha ya maabara, kwa hiyo halikuitwa, na asiyeitwa hakosekani. Alikuwa amefaulu mtihani wa mihadhara, akapata B yake, akaenda zake.

"Sahihi zipo," alikariri mwalimu wa Kigiriki. "Tunangoja nini?"

Profesa Lund alikuwa akimtazama Janelle. Hakumtisha wala hakumsaidia. Daftari lilikuwa upande wa Janelle wa meza; angelifunga, na jambo lingeishia hapo.

"Sheria ya maabara inataka mahudhurio mangapi?" aliuliza Janelle. Sauti yake ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Tisa katika kumi na mbili," alisema Profesa Lund.

Janelle alivuta pumzi, akaanza kusoma kwa sauti. "Wiki ya kwanza. Darubini. Tupo wote wawili. Wiki ya pili. Ngozi ya kitunguu. Tupo wote. Wiki ya tatu. Hamira. Janelle amechelewa saa nzima. Wiki ya nne. Janelle hayupo, mazoezi."

"Binti, hakuna aliyekuomba usome," alisema mwalimu wa Kigiriki, akichekacheka kwa wasiwasi.

"Wiki ya tano. Janelle hayupo, mazoezi. Wiki ya sita. Chura." Aliweka kidole kwenye mstari. "Janelle hayupo."

Mwalimu wa uchumi aliacha kutazama saa. Mwalimu wa Kigiriki aliinama mbele. "Lakini sasa hivi umetueleza..." alisema, "umeinama, umeshindwa kupumua..."

"Nilidhani nilikuwepo."

"Ulidhani?"

"Naapa, Profesa. Mpaka dakika tano zilizopita nilikuwa naamini nilikuwepo."

Aliendelea kusoma hadi mwisho, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kutoka chumbani mle: wiki ya saba, hayupo, ya nane, yupo, ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja, hayupo, ya kumi na mbili, wapo wote wawili, mbegu zote za mahindi zimeoza. Alihesabu kwa vidole chini ya meza. Mara tano. Alilifunga daftari.

"Naliondoa ombi langu," alisema.

"Unaelewa maana yake?" aliuliza Profesa Lund. "Barua ya Dubuque ninayo hapa. Maabara ya kiangazi inakwisha mwishoni mwa Julai."

"Naelewa."

"Hawatakungojea."

"Hawataningojea, najua."

Profesa Lund alichukua ombi lililokuwa limepigwa chapa vizuri sana, akalipiga mstari mmoja kwa wino, akaandika tarehe kando. "Tunaanza tarehe sita Juni, saa mbili kamili asubuhi," alisema. "Nafundisha mimi. Na mimi huita majina, pamoja na yasiyokuwamo katika orodha."

*

Mlango ulipofunguka, Gerrit Hoekstra alisimama haraka, kofia ikamdondoka. Alimwona binti yake ana daftari mkononi na macho makavu, akadhani ni ushindi.

"Wamekubali?"

"Sikuwepo, Baba."

"Hukuwepo wapi? Si nimekuona ukiingia?"

"Maabara. Mwaka wa pili. Nimewaambia watu miaka miwili kwamba nilikuwepo, na wewe nilikwambia, ile Krismasi. Nilikusimulia habari za chura. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Mama yako alisema usisimulie hayo watu wakila." Mzee alimtazama, uso wake ukianza kukunjamana kwa mshangao. "Ulinidanganya?"

"Sijui," alisema Janelle. "Baba, hilo ndilo linalonitisha. Sijui ni lipi jingine ninaloliamini na si kweli."

Gerrit aliketi taratibu. Baada ya muda alisogea kidogo, akampisha nafasi kwenye benchi.

"Na ile kazi?"

"Imekwenda."

Alilegeza kola ya shati kwa vidole vyake vinene. Kisha alinyoosha mkono, akalichukua daftari, akaweka miwani yake ya kusomea.

"Wacha nione na mimi," alisema, akafungua wiki ya kwanza.