Kiganja cha Chini

Mratibu aligawa brashi kabla wanafunzi hawajanyoosha hata miguu. Walikuwa sita, wote wageni katika nchi hiyo, wametoka chuoni mjini kwa lori la mizigo ili likizo yao waitumie kujitolea kijijini. Kazi yenyewe ilikuwa ukuta wa zahanati. Ulikuwa umejaa viganja vya wanafunzi wa mwaka uliopita, waliochovya mikono kwenye rangi ya buluu wakaibandika pale iwe kumbukumbu. Vilipowaona wageni, vilipiga makofi.

"Hao wanawakaribisha," mratibu akasema. "Pakeni nyeupe juu yao. Siku ya kuondoka mtaweka vyenu."

Dereva, aliyekuwa akishusha ndoo, akawaambia kile cha karibu na bomba wakiache mwisho, maana kinafinya.

Mlango wa zahanati ulikuwa na kufuli. Mkunga wa pale alihamishwa, mwingine hajaletwa, na ndani palibaki kitanda, beseni na buibui. Lakini nje, jamani, nje palipendeza! Sijui kama kuna zahanati iliyofungwa iliyowahi kupakwa rangi kwa moyo namna ile.

Mmoja wa wale sita alikuwa akisomea ukunga, amebakiza mwaka. Alipangiwa nyumba ya mjane aliyeishi na kitindamimba wake, binti aliyeolewa, ambaye mume wake yuko mbali vibaruani. Binti huyo alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka. Mjane aliposikia mgeni anasomea nini, aliweka chini sufuria aliyokuwa anaisugua.

"Basi wewe si mgeni tena. Wewe ni Mkunga wetu."

Jina likamganda.

Kesho yake Kitindamimba alimpeleka ukutani, upande ambao brashi zilikuwa bado hazijafika. Alimweleza kwamba tangu mkunga ahamishwe, wanawake hujifungulia hapo barazani, wakiwa wameshika viganja.

"Mtu unahitaji pa kushika, dada. Hiki ni cha yule mnene, kinashika vizuri sana. Hiki kina jasho. Hiki hapa bure kabisa, ukikishika kinakupungia tu!"

Walicheka mpaka Kitindamimba akajishika kiuno.

"Na damu ikizidi?" Mkunga akauliza.

"Ikizidi vinashika tu. Vitafanya nini, na vimebandikwa ukutani?" Akakitazama kile cha mnene. "Jirani yetu alitutoka hivyohivyo. Huyu alimshika mpaka mwisho, hatuwezi kumlaumu."

Mchana rangi nyeupe ilipita hapo. Kila kiganja kilikunja ngumi brashi ilipokigusa, kisha kikatulia.

Mkunga alimpapasa Kitindamimba tumbo, wamekaa chumbani juu ya mkeka. Mtoto alikuwa amekaa vizuri, ila siku zilikuwa bado, na lori lilikuwa linaondoka Jumamosi. Akaenda kwa mratibu.

"Niache nibaki mpaka ajifungue."

Mratibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na rangi mpaka kwenye nyusi, na rangi hiyo aliiomba mwenyewe kwa watu, mlango kwa mlango.

"Dada yangu, wewe umekuja kupaka. Ukimgusa mgonjwa na leseni huna, mradi unafungwa. Na viza yako ni ya masomo, Jumatatu wanakutaka darasani. Nikikuacha hapa, mwakani chuo kitanipa wengine?"

"Wengine wa kufanya nini?"

"Wa kupaka," akajibu, wala hakuona haya.

Mkunga aliwaza kujificha lori litakapopiga honi. Aliwaza hata pa kujificha, nyuma ya banda la kuku. Lakini digrii ilikuwa imebaki mwaka mmoja, na kwao alikuwa na ndugu wanaoisubiri kwa hamu. Aliogopa, basi. Hakujificha.

Jumamosi walichovya mikono. Watano walibandika juu kabisa ili picha itoke vizuri. Kitindamimba alimvuta Mkunga pembeni.

"Weka hapa chini, dada. Nikikaa nifikie."

Mkunga akapiga magoti, akagandamiza mkono wake wa kulia mpaka akasikia ubaridi wa ukuta. Alipoutoa, kiganja kilichobaki kilichezesha vidole. Kitindamimba akakijaribu.

"Kinashika!" akasema, na uso wote ukamng'aa.

"Angalau mkono umetuachia, mwanangu," mjane akasema. Alisema kwa shukrani, na hilo ndilo lililomuuma Mkunga njia nzima.

Mjini, mkono wa kulia ulibaki na baridi. Vikombe vilimponyoka. Daktari wa chuo aliutazama akasema ni kawaida kwa wanaojitolea, akampa dawa ya kuchua.

Asubuhi moja, darasani, mkono ukabanwa. Ukabanwa kwa nguvu, ukaachiwa, ukabanwa tena. Mkunga alijua ni nini. Aliuweka mapajani, chini ya meza, na kila ulipobanwa alipumua taratibu, kama anayemwonyesha mtu. Saa za vipindi zikapita. Kisha ukabanwa mara moja, kwa muda mrefu, halafu ukatetemeka, ukatulia, na yeye akajua mtoto ametoka. Akatabasamu peke yake.

Lakini vidole vya Kitindamimba havikumwachia. Vilikuwa vimelowa sasa, na vilimshika kwa namna nyingine.

"Wewe unayecheka, simama," mwalimu akasema. "Mama amejifungua, kondo la nyuma limetoka, damu haikomi. Uko peke yako naye. Unafanya nini?"

Mkunga akasimama.

"Naweka mkono juu ya tumbo. Nasugua mfuko wa uzazi mpaka ukaze."

"Halafu?"

"Namtoa mkojo. Namweka mtoto kwenye titi anyonye. Nampa dawa ya kukaza mfuko. Siachi kusugua."

Alisema kwa sauti kubwa, polepole, kila neno peke yake, kama mtu anayempigia kelele aliye ng'ambo ya bonde. Wenzake wakageuka kumtazama. Alihisi kidole gumba chake, kule chini ukutani, kinavutika kutaka kubanduka, na rangi inakikatalia.

"Siachi kusugua," akarudia. "Siachi."

Vidole vilivyokuwa vimemshika vikalegea, kimoja baada ya kingine.

"Safi kabisa," mwalimu akasema. "Kaa."

Akakaa.

Baadaye mjane alipiga simu. Mtoto alikuwa wa kike, mzima. "Mama yake hakuwa peke yake, mwanangu. Alikushika mpaka mwisho. Tunashukuru sana." Kisha mjane akamwambia asome kwa bidii.

Miezi iliyofuata, adhuhuri, mara nyingine vidole vidogo vilikuja kuning'inia kwenye kidole chake cha shahada. Mkunga akaacha kuukunja mkono huo. Alipokuwa akisoma aliuweka mezani, wazi, na kurasa akazifunua kwa mkono wa kushoto.

Likizo ilipofika, alikuwa mezani hivyohivyo, na vile vidole vidogo vimemshika, alipohisi brashi. Ilikuwa ya baridi, ikapita mara mbili. Mkono wake ukakunja ngumi wenyewe. Ulipofunguka, haukuwa umeshikwa na mtu.

Wiki hiyo mratibu alimtumia picha. Ukuta ulikuwa mweupe, kufuli iko palepale mlangoni, na viganja vipya vilikuwa vya kijani. Vyote vilikuwa juu, mtu aliyekaa hafikii.