Hatari Kubwa, Hatari Ndogo

Tatiana alirudi kutoka kwenye mtihani kabla ya saa sita, akatupa karatasi mezani bila kunisalimu. Maswali yote ya Kiingereza alikuwa ameyapata isipokuwa moja, nalo ndilo lisilosamehewa: eleza tofauti kati ya "hazard" na "risk". Anayelikosa hapewi kadi ya kuingia mgodini. Bila kadi hakuna kazi ya kuongoza malori kwa bendera, na Tatiana, mtoto wa marehemu mdogo wangu, angerudi mtoni Mutoshi kuosha mawe ya madini ya watu, mtoto mgongoni, maji hadi magotini.

"Ulijibu nini?"

"Tata, mi nilijibia vile ulinifundisha," alisema. Tata, yaani baba, ndivyo wanavyoniita wote.

Nikasoma. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza chepesi, kisicho na kosa, kwamba shimo lililochimbwa nyuma ya nyumba ni "hazard" hata kama hakuna mtu karibu. "Risk" ni uwezekano wa mtu kutumbukia humo na kuumia. Mvua ikinyesha uwezekano huo unakua, shimo likizungushiwa uzio unapungua. Juu ya maneno hayo palipigwa msalaba mwekundu.

Nilivaa koti, nikachukua kamusi, nikaita pikipiki ya taxi-moto, tukapanda wote wawili.

Niseme ukweli, hasira yangu ilikuwa ya siku nyingi. Kiingereza nilikisoma jioni, parokiani, baada ya kutoka kazini katika stoo ya vipuri, na tangu nistaafu ninakifundisha sebuleni kwangu, hapa Dilala. Wanaokuja hawataki maana, wanataka jibu. Juzi nilikuwa namweleza mwanafunzi wangu Barnabé kwamba sisi tunasema usalama tu, lakini Kiingereza kinatenga: kofia ngumu kichwani ni "safety", mlinzi getini ni "security". Akanikatiza: "Tata, hiyo inatokaka ku mutihani?" Nikamwambia sijui. Akafunga daftari.

Kwenye kituo cha mafunzo, msahihishaji alikuwa Dimitri, kijana mwenye shati safi na simu mbili. Mbele ya meza yake kulikuwa na benchi limejaa watu wanaosubiri kujiandikisha kwa mtihani wa Alhamisi, Barnabé akiwa mmoja wao.

"Tata Symphorien, karibu. Lakini kusahihisha tulishamaliza."

"Huyu binti amejibu sawa. Nionyeshe jibu lenu, na kamusi hii hapa."

"Kamusi haisahihishake, tata. Karatasi ya majibu njo inasahihishaka."

Akaitoa kwenye droo. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi zimekuwa kama miguu ya sisimizi. Ilisema "hazard" ni hatari kubwa na "risk" ni hatari ndogo. Nikacheka kwa sauti ili benchi lisikie. Nikauliza ni mjinga gani aliyeandika hivyo.

"Ilitoka Zambie," alisema Dimitri. "Batu bote banaijua. Soma na mufano."

Nikasoma mfano. Simba ni "hazard". Mbwa wa Bwana Kitenge ni "risk".

Nikaacha kucheka. Kitenge alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mbwa wake aliniuma mara mbili. Karatasi hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha. Wakati huo sikujua tofauti, na niliona haya kusema sijui, nikatunga. Nikampa mwanafunzi mmoja, naye akampa mwenzake, hadi ikafika mezani kwa Dimitri.

Ningeweza kunyamaza. Nilimtazama Tatiana, aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amejua chochote bado.

"Dimitri, huyu Kitenge unamjua?"

"Tulifikiriaka ni mukubwa fulani wa kampuni."

"Alikuwa fundi seremala, jirani yangu. Karatasi hii ni yangu. Nilikosa."

Kwenye benchi Barnabé akapiga paja. "Kumbe siye bote tunasomaka makosa ya tata!" Wakacheka mpaka mama mmoja akajifuta machozi. Nilisubiri wamalize. Sijawahi kuona watu wanaochelewa kumaliza kama wale.

Dimitri hakucheka. Aliinama, akashusha sauti. "Tata, nikibadilisha jibu leo, bale nilipitisha miaka sita, nifanye nabo nini? Mukubwa ataniuliza. Mi niko na batoto."

"Kwa hiyo unajua kwamba binti amejibu sawa."

"Najua sasa. Arudie Alhamisi. Aandike ya karatasi."

Nikamwambia nitamwandikia mkubwa wake barua ya kueleza kosa langu. Akanipa hata kalamu. Niliiandika pale pale, kwa Kiingereza, nikasaini, naye akaiweka kwenye droo, chini ya ile karatasi. Nilijua haitatoka humo.

Tulirudi kwa miguu. Tatiana alikuwa wa kwanza kusema. "Tata, unifundishe ile ya karatasi."

"Ile ni upuuzi."

"Ni upuuzi yako. Unifundishe."

"Utaandika kitu unachojua si kweli?"

"Pale mezani nitaandika yabo. Kule kwenye shimo nitafuata yangu. Ama unataka nirudie Mutoshi na Kiingereza muzuri?"

Siku mbili mfululizo nilikaa naye sebuleni, nikauliza swali, naye akajibu hatari kubwa, hatari ndogo, simba, mbwa wa Kitenge. Kila alipomaliza ilinibidi niseme ni sawa. Ulimi ulikuwa mzito kuliko siku niliyokiri mbele ya benchi.

Alhamisi akafaulu. Alikuja na kadi yenye picha yake, akaivaa shingoni, akazunguka nayo uani. Alisema wamefaulu kumi na wanne, wote kwa mbwa wa Kitenge, na Jumatatu wataingia mgodini pamoja.

"Wote wanaamini hivyo?"

"Bote, tata. Hata Barnabé, mwenye alikusikia. Anasema yenye inapitisha njo ya kweli."

"Basi Jumatatu, kabla hamjapita geti, uwaeleze ile ya shimo. Kwa Kiswahili, polepole, mpaka kila mmoja aelewe."

"Na bakiniuliza nani alisema?"

"Uwaambie ni Symphorien. Yule yule aliyeandika karatasi."