Mitaa Tuliyobadilishana

Binti yangu anasomea jiografia, tena si ile ya milima na mito tuliyokariri sisi. Anachunguza jinsi wafanyakazi wanavyojipanga mjini na halmashauri inavyowatawala. Kwa miezi mitatu alizunguka na wafagiaji wa barabara, kifaa cha kupimia njia kikining'inia shingoni. Msimamizi wa wafagiaji hao ni mimi. Nina stashahada ya afya ya mazingira na watu kumi na tisa chini yangu, wote wanawake isipokuwa mmoja.

Jumatano jioni, nikimenya vitunguu, alitandaza ramani mezani.

"Mama, hebu niangalizie. Kesho saa nane nawapa halmashauri nakala. Ndilo sharti la kibali cha utafiti."

Nilifuta mikono nikainama. Kila mfagiaji alikuwa na mstari wa rangi yake, na kila mstari ulifuata njia anayofagia kweli. Hapo ndipo nilipoiona hatari. Halmashauri hugawa mitaa mara moja kwa mwaka, na kubadilishana ni kosa la kufukuzwa kazi. Sisi tunabadilishana kila wiki. Mwenye goti bovu hawezi kusukuma toroli kupanda mlima wa hospitali, basi anaupokea mwenye miguu. Anayenyonyesha anapewa mitaa ya karibu na kwake. Mimi najua yote, na kila Jumamosi natia sahihi ratiba inayosema vingine.

"Halmashauri haijui haya," nikamwambia.

"Haijui vipi? Wanabadilishana mchana kweupe, na wewe unasaini!"

"Nasaini uongo, mwanangu."

Aliketi. Alikuwa amedhani ni utaratibu uliokubaliwa, kwa sababu mama yake si mtu wa kuvunja utaratibu. Na kweli, nikila karanga njiani, maganda nayabeba mpaka nyumbani.

"Basi nachora upya, nafuata ratiba," alisema. "Ingawa hiyo ya kweli ndiyo sura ya nne yote ya tasnifu yangu."

"Ukifanya hivyo na wewe umesaini uongo. Wale uliwaahidi nini?"

"Kwamba wataiona kabla ya mtu mwingine yeyote."

"Na umeanza na mimi. Hilo nalo ni kosa."

Kesho yake saa nne, wakati wa chai, tuliwakuta kwenye bomba nyuma ya stoo. Binti alieleza ramani inaonyesha nini na inakwenda kwa nani. Wakaigombania ramani kama picha za harusi.

"Huyu wa kijani ndiye mimi? Mbona nazunguka kama kuku aliyepotea?"

"Ndivyo unavyofagia, mwenzangu. Unafuata umbea."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mwanamume wetu pekee, tunayemwita Bwana Harusi, hakucheka.

"Huu ni ushahidi," alisema. "Ichaneni."

Yule mwenye goti bovu ni Bibi Kona, jina alilopewa kwa jinsi anavyozing'arisha kona. Aliweka kikombe chini.

"Chama chetu cha wafanyakazi kimeandika barua ngapi kuomba turuhusiwe kubadilishana? Tatu. Wamejibu haiwezekani. Imewezekana miaka sita, na mji ni safi. Mficha uchi hazai."

"Na wakikurudisha mlimani?" Bwana Harusi akamuuliza.

"Nitapanda nikipiga mayowe. Watanisikia." Kisha akanigeukia. "Lakini sisi humu ni rangi tu. Sahihi ni yako, mama. Wa kwanza kuanguka ni wewe, kwa hiyo sema wewe."

Wote wakanitazama. Binti akatazama viatu vyake. Niliwaambia wamalize chai, mtaro wa soko umeziba. Kisha nikaikunja ramani nikaitia mkobani.

Saa nane tuliingia wote wawili kwa ofisa wa mipango miji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabla hujaifungua, ujue ratiba zangu za miaka sita si za kweli. Ya kweli ni hii. Niliyeruhusu ni mimi, si wao."

Aliikagua kwa muda mrefu, kidole kikipanda mlima.

"Malalamiko ya huku yalikwisha ghafla," alisema. "Tukadhani ni zile toroli mpya."

"Toroli hazijisukumi, baba."

"Hii siwezi kuikalia. Lazima niipeleke juu."

"Ipeleke."

Barua ya kunitaka nijieleze ilifika Jumatatu. Nilijibu kurasa mbili, nikaambatanisha na zile barua tatu za chama. Mwezi uliofuata uamuzi ukatoka: kubadilishana mitaa kumeruhusiwa kwa majaribio, mradi kuandikwe, na mimi nimevuliwa usimamizi, nimepewa ufagio.

Binti alilia kunizidi. Nilimwambia anyamaze, sura yake haijakwisha, aandike na hili.

"Cheo chako nikiandikeje?"

"Mfagiaji. Na kama utanifuata kesho, uwahi. Mimi simsubiri mtu."