Jina Langu Kitasa

Mama mkwe ndiye aliyenibandika jina la Kitasa. Wageni wakimuuliza kwa nini, anawaambia, "Si tasa? Tena kadogo. Basi Kitasa," kisha anacheka mpaka anashika mbavu. Jina likaenea mtaa mzima. Mume wangu peke yake ndiye hakuwahi kuniita hivyo.

Asubuhi hiyo mume wangu alikuwa amekwenda kumchukua msichana aliyetafutiwa na mama yake. Mke wa pili, wa kuzaa. Jana yake aliniambia anakwenda kumridhisha mama tu, na wageni wakishaondoka atakataa. Nilimwamini. Mama mkwe akaniagiza nipike, nipange viti, nisinune mbele za watu. Akaingia chumbani kwake kuvaa, akaubamiza mlango, na kitasa kikagoma.

"Wewe, kitasa kimekwama huku."

"Kitasa niko jikoni, mama. Nimekwama na vitunguu."

Akautikisa mlango. Ulimi wa kitasa kile ulikuwa mbovu siku nyingi, ukijifunga haurudi. Ulishanifungia mimi mle ndani nikifagia, naye alinisikia nikigonga, akakaa sebuleni anakunywa chai yake mpaka mwanawe aliporudi kutoka kazini. "Kitasa kimefungiwa na kitasa," ndivyo alivyomsimulia. Tangu siku hiyo nikajifunza dawa yake. Unapenyeza kisu cha mezani kati ya mlango na fremu, unausukuma ulimi, mlango unafunguka.

Kisu ninacho mkononi. Nikaendelea kukata vitunguu.

"Mwanangu," akasema baadaye. Lo, leo nimekuwa mwanangu. "Nina haja. Nimebanwa."

"Vumilia, mama, mwanao yuko njiani. Mimi na vitasa wapi na wapi."

Akanitukana, mimi na ukoo wangu wote. Alipochoka kutukana akaanza kuomba, kwa kisauti cha mtu aliyebana miguu. Sitadanganya, nilisikia raha mpaka kwenye visigino. Nikaenda sebuleni nikavigeuza viti vya wageni vyote vitazame mlango ule.

Wakafika: mume wangu, msichana, na shangazi yake msichana. Nikawakaribisha vizuri, nikawakalisha. Nikasema mama amekwama, masikini, na mimi nimeshindwa. Mume wangu akaweka bega mlangoni.

"Usivunje," mama mkwe akasema kutoka ndani. "Watoe wageni kwanza. Nakuomba, baba, watoe wageni."

Kabla hata mtu hajainuka, maji yakatokea chini ya mlango. Yakaja polepole sakafuni mpaka kwenye kiatu cha shangazi. Shangazi akauinua mguu wake, akatazama dari.

Nilitaka wamwone. Basi nikachukua kisu, nikakipenyeza, nikasukuma, mlango ukafunguka kufumba na kufumbua. Alikuwa amesimama na gauni lililolowa mpaka chini, kilemba kimefungwa vizuri kabisa, machozi yanamtoka. Miaka yote niliingoja sura ile. Lakini nilipogeuka kuwaangalia wenzangu, hakuna aliyekuwa akimtazama yeye. Wote walikuwa wanakitazama kisu.

"Kumbe ulikuwa unajua," mume wangu akasema.

Nikakificha kisu mgongoni. Mimi, ninayejulikana kwa mdomo.

Msichana akavua viatu, akapita pale palipolowa, akavua mtandio wake mpya na kumfunga mama mkwe kiunoni. "Twende tukabadilishe, mama," akamwambia, kama vile hakuna kilichotokea. Akamshika mkono wakaingia ndani. Mume wangu akamfuata kwa macho mpaka mlango uliporudishwa, na mimi nikayaona macho yale. Nayafahamu. Aliwahi kunitazama nayo mimi.

Shangazi akakohoa, akasema wao hawana neno, kama sisi hatuna neno.

"Hatuna neno," mume wangu akamjibu. Kisha akanigeukia, sauti yake ya kawaida kabisa. "Kitasa, lete kitambaa upanguse."