Gari Lililongoja Uani

Jumatano ya kwanza ya Septemba, mwaka ule Uingereza ilipogombania kutoka Umoja wa Ulaya, Roy Tidball alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha ubawabu kando ya lango la uani, nyuma ya Bunge, akimenya yai la kuchemsha. Chumvi alikuwa nayo kwenye kipande cha karatasi. Kengele ya kura ikalia. Roy akaliweka yai juu ya goti, akatazama uani, akamwona mkewe Glenys ameketi kwenye benchi la mawe. Amevaa gauni la kulalia na sweta ya buluu, na ndara mguu mmoja tu. Glenys alikuwa amekufa tangu Machi.

"Ndara nyingine iko wapi?" Roy akauliza.

"Ilibaki kwenye ngazi. Hukuiona? Miezi sita unapita hapo."

"Niliiona. Sikutaka kuiokota."

"Basi ndiyo hiyo. Gari limekuja?"

"Bado."

"Nitangoja," Glenys akasema, akauficha mguu mtupu chini ya benchi.

Katika Bunge la London mbunge hupiga kura kwa miguu. Kengele ikilia, wanaokubali hupita ukumbi mmoja na wanaokataa mwingine, wanahesabiwa mlangoni kama mbuzi wa mnadani, na baada ya dakika nane milango inafungwa. Lakini mbunge mgonjwa asiyeweza kutembea huletwa na gari la wagonjwa mpaka uani. Viranja wawili, yaani wasimamizi wa kura wa vyama, mmoja wa kila upande, hushuka ngazi, humchungulia, na wakiona macho yake yamefumbuka huitikia kwa kichwa. Hapo kura yake imehesabiwa. Ni desturi ya zamani, na wakubwa wanaipenda kwa sababu haiwasumbui wao.

Ni desturi hiyo iliyomuua Glenys.

Machi ile, siku ya kura moja ya Ulaya, mbunge wa upande wa serikali, Sir Aubrey Fenn-Lacey, alikuwa ametolewa jiwe la figo. Akaitiwa gari. Roy mwenyewe ndiye aliyelifungulia lango, akaandika namba yake kwenye daftari la lango kwa mkono wake. Kura ikacheleweshwa na maneno. Gari likakaa uani saa mbili na dakika kumi, na Sir Aubrey ndani yake anakula biskuti. Upande wake ukashindwa kwa kura zaidi ya mia. Hata wangemleta na ukoo wake mzima, isingesaidia kitu. Ng'ambo ya daraja la mto, nyumbani kwao Lambeth, Glenys alikuwa ameshika kifua. Jirani wa ghorofa ya juu, Cyril Pettifer, akapiga simu mara tatu. Akaambiwa magari yote yako kazini. Cyril akamshusha Glenys mpaka ngazi ya mwisho, ili gari likifika lisipoteze muda. Glenys akafia hapo, amekaa.

Baada ya mazishi ikaja barua ya pole. Ndani yake imeandikwa namba ya gari lililokuwa karibu zaidi jioni ile. Roy akaisoma mara moja tu. Namba ile alikuwa ameiandika mwenyewe kwenye daftari la lango.

Roy hakumlaumu dereva, dereva hutumwa. Alimwandikia Sir Aubrey, akamwomba jambo moja: asimame Bungeni aseme gari lilikuwa wapi, liandikwe kwenye kumbukumbu za Bunge. Akajibiwa kwa kadi yenye picha ya Sir Aubrey amembeba mbwa, na maneno ya kumshukuru kwa maoni yake.

Basi jioni ile ya Septemba viranja wakashuka. Wa serikali alikuwa Philippa Strang, mwanamke mrefu aliyetembea kana kwamba sakafu ni yake. Wa upinzani alikuwa Mick Dowd, mtu wa kaskazini, mcheshi, na mwenye kisu ndani ya ucheshi wake. Wakamwona mwanamke mgonjwa kwenye benchi. Strang akadhani ni wa Dowd. Dowd akadhani ni wa Strang. Kiranja hakubali kwamba kuna uso wa mbunge asioujua, na kumuuliza mwenzake ni aibu. Strang akaitikia kwa kichwa. Dowd naye akaitikia. Glenys akahesabiwa.

Kesho yake karani wa Bunge akakuta wabunge ni mia sita na hamsini na mmoja, badala ya mia sita na hamsini. Akafungua vitabu vyake, akafunga.

"Kichwa kikishaitikia hakirudi nyuma mpaka iletwe hoja," akasema. "Na nafasi ya hoja kwenye ratiba haipo mpaka mambo ya Ulaya yaishe."

Mambo yakabaki hivyo.

Waziri Mkuu alitaka uchaguzi wa mapema. Sheria ilisema hawezi kuuitisha mpaka theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, na watu hao hakuwa nao. Upinzani ulikuwa umepigia kelele uchaguzi miaka miwili. Sasa uchaguzi ukaletwa mezani, wao wakakunja mikono, wakakaa kwenye viti vyao.

"Wataka uchaguzi au hutaki?" Strang alimuuliza Dowd siku moja uani.

"Nautaka sana, bibie. Ila si huu wako. Huu wako una mwiba, tarehe anaipanga bosi wako."

"Unaogopa wapiga kura."

"Mimi naogopa mama mkwe tu, na yeye anakupigia kura wewe."

Kila hoja ilipoletwa kengele ililia, na kila kengele ilipolia wakaongezeka watu uani. Mwokaji mikate mwenye unga kwenye vidole. Mwalimu na kalamu nyekundu sikioni. Mama mmoja na mfuko wa viazi uliokuwa bado haujafunguliwa. Wote walikuwa wamekufa wakingoja gari, wengine kwa muda wa saa tatu, wengine saa tisa. Walikuja magharibi, wakaketi, wakauliza kama limekuja. Viranja wakawaitikia mmoja mmoja, kwa sababu kila upande uliogopa kwamba ukimkataa mtu, mtu huyo atakuwa wa kwake. Kufika mwisho wa Oktoba walikuwa hamsini na watatu. Roy aliwaletea mabenchi kutoka kanisa dogo la chini.

Jumatatu ya mwisho ya mwezi ule Strang alishuka mapema, na kikombe cha chai mkononi. Hakuna aliyewahi kumwona amebeba chai ya mtu mwingine.

"Bi Glenys," akasema, "leo tunahitaji watu wako."

"Kwa kazi gani?"

"Kukubali uchaguzi. Ili wananchi waamue wenyewe."

"Mimi niliamua. Niliamua nipelekwe hospitali."

Strang akaangalia kikombe. Roy, kwenye kiti chake, alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua baada ya kiangazi.

"Sema unachotaka," Strang akasema.

"Sir Aubrey asimame aseme gari lilikuwa wapi. Liandikwe. Halafu nitakupa wote hamsini na watatu, na yule wa viazi atakupigia makofi."

"Atasema kesho, baada ya maswali. Nakupa neno langu."

"Aseme leo."

"Leo anaumwa."

"Hata sisi tunaumwa," Glenys akasema. "Chai imepoa hii."

Kengele ikalia. Waliokufa hawakuinuka, wala hawakuinua nyuso zao kuitikiwa. Hoja ikaanguka. Roy akahisi kifua chake kimefunguka kidogo, kama dirisha lililokwama tangu baridi. Akamwambia mkewe, "Kesho atasema. Wamebanwa."

"Wewe umefanya kazi hapa miaka ishirini na sita," Glenys akasema, "na bado unadhani hawa wanabanwa."

Kesho yake serikali ilileta mswada wa ukurasa mmoja. Ulisema, bila kujali sheria ya theluthi mbili, uchaguzi utakuwa Desemba. Mswada wa kawaida hauhitaji theluthi mbili. Ukizidi kwa kura moja umepita. Sheria iliyokuwa imewafunga miezi miwili wakaipita kwa karatasi ambayo Roy angeweza kufungia yai. Na Dowd na wenzake wakaona tarehe imeandikwa na mwiba umetoka, wakasema ndiyo.

Strang akapita uani mikono mitupu.

"Bi Glenys, asanteni sana. Hatutawahitaji tena."

"Na maneno ya Sir Aubrey?"

"Bunge linavunjwa wiki ijayo. Ratiba imejaa. Labda Bunge jipya."

"Labda," Glenys akasema.

Dowd aliyekuwa nyuma yake akavua kofia. "Poleni, jamani. Ingekuwa juu yangu…" Akapanda ngazi.

Jua lilikuwa linazama taa za gari zilipoonekana langoni. Serikali ilikuwa na kura mia kadhaa za ziada. Lakini Sir Aubrey hakuwa mtu wa kukosa kura ya kihistoria, na mgongo ulikuwa unamuuma, kwa hiyo alikuwa ameitiwa gari. Roy akaangalia namba. Ilikuwa ileile. Akafungua daftari, akaiandika chini ya tarehe, akafungua lango.

Dirisha likashushwa.

"Habari za jioni, Ron," Sir Aubrey akasema akiwa amelala.

"Roy."

"Ndiyo, ndiyo. Mama watoto hajambo?"

"Yupo. Anakungoja."

"Vizuri sana. Msalimie."

Gari likaingia. Wahudumu wawili, dereva msichana na mwenzake, wakashuka kunyoosha miguu. Glenys akainuka kwenye benchi, akapanda kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye kiti cha kukunja, mguu wake mtupu karibu na mkono wa Sir Aubrey.

"Karibu," Sir Aubrey akasema. "Wewe ni wa upande gani?"

"Upande wa pili wa mto," Glenys akasema, akavuta mlango.

Viranja wakachungulia, wakaitikia. Mswada ukapita. Na Roy Tidball akalifunga lango, akazungusha ufunguo, akauchomoa, akaudondosha kwenye tundu la mtaro. Aliusikia ukigonga maji.

Dereva akamjia. "Mzee, fungua basi. Tuna watu wanangoja."

"Machi mlisema hivyo?"

"Machi nilikuwa sijaanza hata mafunzo," msichana akasema.

Roy akarudi kwenye kiti chake. Akakunja karatasi yake ya chumvi, akaitia mfukoni.

Asubuhi lango halikuwa na tundu la ufunguo. Chuma kilikuwa laini kama shavu, na bawaba zilikuwa zimeshikana na ukuta. Fundi aliyeletwa akaligonga kwa kidole, akasema linaweza kukatwa, lakini kwa sababu ni jengo la kihistoria anahitaji kibali cha Bunge. Bunge likavunjwa kabla ya kibali. Wahudumu wakatoka kwa miguu kupitia jikoni. Sir Aubrey alijaribu kutoka pia. Kila alipoweka mguu chini Glenys alimwambia, "Ngoja kwanza. Hawajakuitikia." Naye akaurudisha mguu juu, maana desturi aliijua.

Kampeni yake aliifanya humo humo kwa simu. Jimboni wakamsifu kwamba yuko karibu na huduma za afya kuliko mgombea yeyote. Akashinda kwa kura nyingi kuliko zamani. Kundi lililotaka uchaguzi likarudi kubwa, Strang akapandishwa cheo, na Bunge jipya likaketi kabla ya Krismasi. Sir Aubrey aliitikiwa siku ya kwanza akiwa garini.

Roy alikuwa na furaha. Hakuificha. Kila magharibi alisogeza kiti chake karibu na kioo cha gari, akamenya yai polepole, akamwangalia Sir Aubrey anavyokonda bila kufa. Ndevu zilimfika kifuani. Biskuti ziliisha wiki ya kwanza.

"Sema," Glenys alimwambia kila jioni.

"Nitalizungumzia kwa wakati muafaka," Sir Aubrey alijibu.

"Hana haraka," Glenys alimwambia Roy kupitia dirishani.

"Mimi pia sina," Roy akasema. Usiku alilala vizuri, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu Machi.

Jumanne moja ya Januari, kengele ilipolia, Roy aliona mtu mgeni kwenye ncha ya benchi. Alikuwa Cyril Pettifer, jirani yake wa ghorofa ya juu, amevaa koti juu ya pajama. Asubuhi ile walikuwa wamesalimiana mlangoni. Mkononi alikuwa ameshika ndara.

"Ya Glenys hii," Cyril akasema. "Nilikaa pale ngazini kungoja, nikaiona. Nikasema niilete."

"Asante, Cyril."

"Safari hii nimejipigia mwenyewe. Mara tatu. Kijana wa simu mpole sana. Anasema lililo karibu lipo, tena karibu kabisa, ila haliwezi kutoka."

Roy akaangalia gari. Taa yake ya juu ilikuwa bado inazunguka, buluu, ukutani na kwenye nyuso za waliokaa. Nyuma ya kioo Glenys alikuwa amegeuza kichwa. Alimwangalia Cyril, akaiangalia ndara, halafu akamwangalia mumewe.

"Gari limekuja?" Cyril akauliza.

Yai lilikuwa mkononi mwa Roy, limemenywa nusu.

"Bado," akasema.

Cyril akasogea, akampa nafasi yule mama wa viazi, akaiweka ndara juu ya magoti yake. Viranja wawili wapya wakashuka ngazi, wakamchungulia mmoja baada ya mwingine, wakaitikia kwa kichwa.