Siku Esperansi Alipomtazama Mkwewe

Muulize mtu yeyote wa kijiji chetu cha Kinyala, atakwambia mimi Veronika nafunda wakwe. Wake wa wanangu wakubwa walinitoa jasho, lakini huyu wa mwisho, Esperansi, mke wa Jackson, alizishika mila zetu kuliko wasichana waliozaliwa hapahapa migombani. Jackson alimpata kule Ngara mwaka 1994, alipokuwa akipeleka mahindi ya wakimbizi kwa lori la tajiri mmoja wa Mbeya. Binti alikuwa amevuka kutoka Rwanda peke yake. Kwao waliuawa wote. Zaidi ya hapo hatukujua kitu, maana mwenyewe hakusema, na sisi hatukumchokonoa.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hazungumzi naye, hata jina lake halitamki. Akimsikia anakuja njiani, anajifunika khanga na kujibanza migombani mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wanalipua tu, wengine eti wameokoka. Esperansi hakulipua. Mume wangu Ambindwile alikuwa akikohoa ng'ambo ya mto, mwenzenu keshaingia migombani. Wala hakuishia kwake. Alimkimbia kila mwanamume mwenye mvi: mwinjilisti, bwana shamba, hata mzee mmoja wa Kawetele aliyekuja kutuuzia jogoo, akabaki kasimama uani na jogoo wake kwapani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nyumba yangu ilikuwa na raha, mwe!

Mwaka 1998 wakaja watu wa mahakama ya Arusha, ile iliyokuwa ikiwashitaki wakubwa wa mauaji ya Rwanda. Walikuwa wanatafuta mashahidi, na jina la Esperansi walilipata kule Ngara. Kiongozi wao alikuwa mzungu mwenye mvi kichwa kizima. Aliponyoosha mkono kumsalimia Esperansi, mtoto wa watu akajitanda khanga usoni, akatimka. Mzungu akabaki ameshika hewa. Ikabidi mkono huo niupokee mimi, nikamwambia arudi wiki ijayo.

Jioni jikoni nilitaka tucheke, lakini Esperansi hakucheka. Akanieleza jambo ambalo hata Jackson alikuwa hajaambiwa. Aliyewaleta wauaji nyumbani kwao alikuwa mkubwa wa serikali wa hukohuko kwao, mzee wa heshima, rafiki wa baba yake, mtu ambaye yeye tangu utotoni alikuwa akimwamkia kwa magoti. Alikuwa amesikia redioni kwamba sasa mzee huyo yuko kizuizini Arusha, na anaapa kwamba siku ile hakuwepo. Kati ya waliomwona pale mlangoni, aliyebaki hai ni Esperansi tu.

"Mama, nataka kwenda," aliniambia. "Lakini wataniambia nimwoneshe kwa kidole. Mimi nikiona mzee, macho yangu yanashuka yenyewe."

Wazee walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Niliumia, halafu nikakasirika, na mimi nikikasirika lazima nifanye kitu. Nikavaa koti la mume wangu, nikajipaka unga wa mahindi kichwani, nikakaa kwenye kigoda nikamwamuru anitazame. Alinitazama vizuri sana. Alicheka hadi akashika ukuta, nami unga ukaniingia machoni. Mazoezi yetu yakaishia hapo.

Ambindwile aliponikuta natoa unga machoni, aliniuliza nimepatwa na nini, nami nikamweleza. Akasema yeye ndiye atakayekaa mbele ya Esperansi. Hapo damu ilinichemka. Nilimuuliza kama ana akili timamu, kama anataka mkwe wangu apatwe na balaa, kama amefikiria wazee wenzake watatusema vipi kwenye misiba. Niliongea mpaka koo likakauka.

"Heshima hiyo ananipa mimi, Veronika," akasema. "Siwezi kuiacha imfiche muuaji."

Basi nikakubali. Ila nilikataa katakata jambo hilo kufanyika ndani ya boma letu. Rafiki yangu Saada, anayeuza khanga mtaa wa Bagamoyo, hapo Tukuyu mjini, akatupa sebule yake. Watu wake ni wa pwani, mila hiyo haimhusu, akasema kama kuna balaa basi litakosa mlango.

Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya Tukuyu. Ambindwile alikaa kwenye kiti, akavua kofia. Esperansi aliingia, akamwona, akapiga magoti khanga ikiwa imemfunika mpaka kidevuni.

"Mwanangu, nitazame," Ambindwile akasema.

Esperansi akatikisa kichwa.

"Nitazame. Mimi mwenyewe ndiye ninayekuruhusu."

Khanga ikashuka. Akaanza na viatu vya mzee, akapanda magotini, vifungoni, kwenye ndevu, mwisho akafika machoni, akabaki hapohapo. Kisha maneno yakaanza kutoka. Alisema yule mkubwa alisimama wapi, alivaa nini, alimwita nani kwa jina, aliamuru nini. Alitaja ndugu zake mmoja mmoja. Mimi na Saada tulishikana mikono tukilia. Ambindwile machozi yalimwingia ndevuni, lakini hakugeuza uso hata mara moja.

Alipomaliza, mzee alisema, "Ndaga, mwanangu," asante ya kwetu. Saada akaleta chai na maandazi, hakuna aliyegusa. Esperansi akamtazama tena mkwewe, taratibu, kama anayekagua khanga dukani.

"Baba," akasema, "kumbe Jackson amechukua pua yako."

Tulicheka, jamani! Nilicheka nikilia, na maandazi yote yakaliwa.

Wazee wa Kinyala hawakuchelewa kudai fahali kwa mila iliyovunjwa. Ambindwile akatoa fahali. Walikula na kucheza ngoma mpaka jua likazama, na kila aliyekuja na maneno makali alijikuta kinywa kimejaa nyama.

Yule mzungu aliporudi, Esperansi alimwambia atakwenda, na Arusha nilimsindikiza mimi. Waliniweka kwenye benchi la ukumbini, nikasali sala zote ninazozijua, za Kinyakyusa na za Kiswahili, nikazirudia. Hatimaye mlango ukafunguliwa. Esperansi alitoka wima, kichwa wazi, khanga iko mabegani.

Nikamuuliza kama alimwonesha. Akasema alimwonesha kwa kidole, na alimkazia macho muda wote.

"Na yeye?"

"Mama," akasema, "yeye ndiye aliyetazama chini."

Nilipiga vigelegele ukumbi mzima ukaitika. Esperansi naye akapokea. Askari akaja mbio, akatuambia hapa ni mahakamani, si harusini, akatutoa nje. Tukatoka kwa heshima zote, tukaendelea hukohuko uani.