Zabibu za Darini

Hatem alikuja kumposa mtoto wa kaka yangu mwaka 2001, akaanza kwa kutufundisha namna ya kutengeneza mvinyo. Sitii chumvi. Alikaa kwenye majlisi, sebule ya wageni, ya kaka yangu Harub, huko Al Hail, Oman, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, mama yake ubavuni, halwa mbele yake haijaguswa, na kwa nusu saa nzima hatukusikia jengine.

Kosa lilikuwa la Harub, aliyemuuliza kijana kwa adabu tu alichokisomea Italia. Mtu mwenye akili angesema "Kilimo," akanywa kahawa yake. Lakini Hatem ni mtoto wa Waomani waliotoka Tabora, na watu wa bara wana maradhi hayo: ukiwauliza, wanakujibu. Sisi tuliotoka Unguja tunajua kwamba maswali ya majlisi hayaulizwi ili yajibiwe.

"Nilisomea kukausha matunda, mzee," akasema. Mzee! Harub alikuwa hajatimiza hata miaka hamsini na tano. "Wizara ilinipeleka kwa ajili ya tende zetu. Verona hawana tende, kwa hiyo nilijifunzia kwenye zabibu."

"Zabibu kavu," nikasema mimi, nikimpa njia ya kutokea.

"Zinakaushwa, mama, lakini ni za mvinyo. Unaitwa Amarone."

Ghadeer, mposwa mwenyewe, alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe. Mama yake alikufa yeye ana miaka minne, nikamlea mimi. Alikuwa anafanya kazi wizara moja na huyu kijana, na ilikuwa wazi kwamba kama hatampata huyu hamtaki mwengine. Nilimtazama, nikitaraji kuona haya usoni mwake. Alikuwa anasikiliza.

Basi tukapewa somo. Mwisho wa mwezi wa tisa wanachuma vishada kwa mkono, na wanachagua vile ambavyo punje zake zimeachana ili hewa ipite. Havikamuliwi. Vinapandishwa darini, vinalazwa kwenye chanja za mianzi, kishada kisilalie kishada chenzake, madirisha wazi pande zote, miezi mitatu au minne. Na kazi ya bwana huyu, aliyekatiwa tiketi na serikali, ilikuwa kupanda ngazi kila asubuhi kutafuta punje zilizoota ukungu na kuzitoa kwa vidole. Zabibu hunyauka mpaka zikapoteza thuluthi ya uzito. Ndipo mwezi wa kwanza, kwenye baridi kali, zinakamuliwa.

"Maji yake lazima matamu sana," akasema Harub, ambaye alikuwa ameshanogewa, Mungu amsamehe.

"Mwanzo ndiyo, mzee. Lakini yanachacha polepole kwa sababu ya baridi, siku arubaini, hata hamsini, mpaka sukari yote imekwisha. Jina lake linatokana na uchungu. Halafu unawekwa kwenye mapipa ya mti kwa miaka."

Nikamchimbia shimo. "Na wenyewe wanaunywaje?"

Akaingia mzima mzima. Chupa hufunguliwa asubuhi kwa ajili ya chakula cha usiku. Gilasi ni kubwa lakini hutiwa kidogo tu, chini kabisa. Haunywewi kwa pupa. Mtu hutia pua kwanza, hungoja, huwaambia wenziwe alichokisikia, halafu hunywa funda moja, na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole tangu alfajiri, au na jibini kavu ya zamani. Watu wazima, wenye mashamba yao, wamefumba macho juu ya gilasi. Nimeona wanawake wakifanya hivyo kwa mafuta ya haludi, na hao angalau baadaye wanajipaka.

"Unanukia cheri kavu," akasema, "na tumbaku, na karafuu kwa mbali."

Karafuu hiyo iliniudhi kuliko yote. Sisi tumekulia kwenye harufu yake, majamvi yameanikwa mpaka njiani, yeye aliijua ndani ya kopo la viungo vya pilau, na sasa ameikuta kwenye ulevi wa Mtaliana.

"Na ladha?"

"Ladha siijui, mama. Sijaonja."

Mama yake akatazama zulia. Mimi nilicheka puani. Sijapata kula nguruwe, na siwezi kukwambia analiwa na jibini gani. Wako waume wa marafiki zangu wanaonukia iliki kila Alhamisi usiku, na sote tunajua iliki ile inafunika nini, lakini hawajapata kulitaja neno hilo mbele za watu. Huko ndiko kulelewa. Huyu alikuja kuposa na mvinyo mdomoni, halafu akataka tuamini haukushuka kooni. Kabla ya magharibi nilikuwa nimeshapiga simu nyumba tatu kuyahadithia.

Hata hivyo, kwetu posa haijibiwi mpaka kijana aulizwe kwa watu, na muulizaji wa nyumba yetu ni mimi. Muulizaji akirudi akasema "hakuna nasibu," posa imekwisha, na hapana anayemdai sababu. Ni sitara kwa kijana, ili aibu yake, kama anayo, ibaki kwa mtu mmoja. Nikaenda Mabela kwa rafiki yangu Bakhita, ambaye mwanawe Yaarub alilala chumba kimoja na Hatem miaka yote ya Verona. Bakhita aliingia jikoni kutazama kahawa, na Yaarub akapunguza sauti.

"Nnakwambia kweli, shangazi, hakunywa," akasema. "Mwisho wa msimu mwenye shamba alifungua chupa aliyoiweka miaka ishirini, akatumiminia sote tuliofanya kazi darini. Mimi nilikunywa, Mungu anisamehe. Hatem aliinyanyua gilasi, akainusa, akaiweka chini. Yule mzee akaona katukanwa mbele ya watu wake. Akamwambia asirudi tena, na kazi yake yote ya chuo ilikuwa mle darini. Alirudia mwaka mzima. Nilimwambia achovye mdomo tu, yaishe. Hakutaka."

Nilikunywa kahawa yangu, nikamsifu Bakhita kwa kashata, nikaondoka.

Nisijitetee. Nilimwamini Yaarub, mtu hajisingizii ulevi ili amsafishe mwenziwe. Lakini nilikuwa nimeshasema kwenye nyumba tatu, na kesho yake zilikuwa kumi. Na nilikuwa nimeshamcheka yule kijana mbele ya mama yake. Kurudi nyuma ni kazi ya watu wengine, mimi sijaizoea. Nilipofika Al Hail, Harub alikuwa ananingojea.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza. Hakuna nasibu."

Aliinamisha kichwa. Nilijua amefikiri nini, na nilimwachia afikiri. Ghadeer akauliza sababu. Nikamwambia sababu haiulizwi, na yeye, kwa kuwa nimemlea vizuri, hakuuliza mara ya pili. Mwaka uliofuata Hatem alioa Sohar.

Mwaka 2003 akaja Fahd, muuza magari wa Wattaya, kijana mtaratibu ambaye alikula halwa yake na hakusema kitu chochote. Nilimpenda papo hapo. Wageni walipoondoka Harub akanigeukia.

"Haya, Mahfoudha. Nenda kaulize."

"Baba," akasema Ghadeer, "safari hii asende shangazi."

Akaweka trei chini, akamhadithia babake habari ya gilasi ya Hatem tangu mwanzo mpaka mwisho: chupa ya miaka ishirini, mwenye shamba, mwaka uliopotea. Bakhita, aliyeyasikia yote kutoka jikoni, ndiye aliyemwambia, kwenye harusi moja, akidhani nimeshamwambia. Alisimulia kwa sauti ya kawaida, wala hakuniangalia.

Harub akaniuliza: "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Siku ile ile uliposema hakuna nasibu?"

"Siku ile ile."

Nilimgeukia Ghadeer. Nilitaka alie, au anitukane, ningejua la kufanya. Akaniangalia kidogo tu, kwa jicho ambalo nimelitumia kwa watu maisha yangu yote, halafu akamuuliza babake kama anataka chai nyengine. Mimi hakuniuliza. Nimewadharau watu wengi, na sikumbuki hata mmoja aliyenikosesha usingizi. Huyu nilimlea kwa mikono yangu, na ndiye wa kwanza kunidharau akiwa na haki.